Achia Mikono, Fundi

Mwezi wa tatu tulimzika kijana wa bodaboda hapa Oldeani. Alikuwa anapandisha kutoka Mang'ola na magunia mawili ya vitunguu nyuma, akafika kwenye ule mteremko mfupi kabla ya daraja, na hakufika upande wa pili. Mwinjilisti wetu, kijana mwenye sauti nzuri na moyo safi, alisimama kando ya kaburi, udongo mwekundu umemganda hadi kwenye kamba za viatu, akatuambia tusilie kama wasio na tumaini, kwa kuwa Mungu ndiye ameshika usukani, na hakuna kona inayokatwa pasipo mkono wake. Watu wakaitikia amina. Mimi ni mzee wa kanisa, nilikuwa mstari wa mbele. Mdomo ulifunguka, amina haikutoka.

Siyo kwamba siamini. Shida yangu ni usukani. Nimekuwa fundi wa ndege Arusha kwa miaka 31, hadi nilipostaafu na kurudi huku kwenye kahawa ya marehemu baba. Usukani nimeufungua, nimeusafisha, nimeupaka grisi, nimefuata nyaya zake kutoka miguuni pa rubani hadi mkiani nikiwa nimelala chali na tochi mdomoni. Mtu akiniambia fulani ameshika usukani, akili yangu inaanza kuuliza maswali ya karakana: ameshika kwa nguvu kiasi gani? Mkono mmoja au miwili? Na akiachia, chombo kitakwenda wapi?

Hilo swali la tatu ndilo nataka kulizungumza, kwa sababu nilijibiwa nikiwa angani, juu ya nchi hii hii.

Ilikuwa mwaka 1988. Tulitoka kiwanja cha Manyara, kile kilicho juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo ukishavuka ukingo ardhi inakutoroka ghafla na ziwa linabaki huko chini kama sahani. Ndege ilikuwa Cessna 206 ya viti sita. Rubani alikuwa mtu wa makamo, Mluguru mcheshi, na mimi nilikaa kiti cha pembeni yake kwa sababu tulikuwa tunarudisha ndege Arusha bila abiria. Akageuza pua kuelekea magharibi kwanza, ili anionyeshe kwetu. Mlima Oldeani ulikuwa mbele, zaidi ya mita 3,200, miteremko yake imefunikwa na ile mianzi iliyowafanya Wamasai waupe mlima jina lake. Kulia kwake kreta ya Ngorongoro, kushoto huko bondeni weupe wa Eyasi.

"Shika usukani, fundi," akasema.

Nikashika. Nikashika kama mtu aliyeshika pembe za ng'ombe. Pua ikapanda, nikaisukuma, ikashuka, nikaivuta, tukaanza kwenda kama mashua ya mbao siku ya kusi. Jasho likanitoka kwapani. Yeye akacheka, halafu akanyoosha mkono chini, katikati ya viti, kwenye gurudumu dogo jeusi lenye meno pembeni, kubwa kidogo tu kuliko kisosi cha chai. Akalizungusha kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Nikausikia ule uzito mikononi ukipungua, ukapungua, ukaisha.

"Sasa achia mikono."

"Kapteni…"

"Achia mikono, fundi."

Nikaachia. Ndege ikaendelea kwenda. Haikupanda wala kushuka.

Gurudumu lile linaitwa trimu. Nilikuwa nimekwisha kulifungua na kulifunga mara nyingi, na sikuwa nimewahi kujua kazi yake, kama mtu anayeweza kutengeneza cherehani na hajawahi kuvaa nguo iliyoshonwa. Wasomaji wengi hamjawahi kuliona, kwa hiyo nivumilieni nieleze, maana mambo ya Mungu niliyonayo yote yanapita hapo.

Mtazame Mhadzabe kule Eyasi na mshale wake. Uzito uko mbele, kwenye ncha. Manyoya yako nyuma. Mshale ukitaka kupinda, upepo unayasukuma manyoya na kuurudisha kwenye njia. Ugeuze, manyoya mbele na ncha nyuma, utaona unavyobiringika hewani kama fimbo iliyorushwa na mtoto. Ndege ni ndugu wa mshale, ila ina ujanja mmoja zaidi. Uzito wake umewekwa mbele kidogo ya pale mabawa yanapoibebea, kwa hiyo pua siku zote inataka kuanguka, na mkia kazi yake ni kukandamizwa chini na upepo ili pua isianguke. Mwendo ukizidi, upepo unaukandamiza mkia zaidi, pua inapanda, na kwa kupanda mwendo unapungua. Mwendo ukipungua, mkia unalegea, pua inainama, na kwa kuinama mwendo unarudi. Hakuna anayeifanyia hivyo. Imeundwa hivyo. Trimu inachofanya ni kuamua mkia ukandamizwe kiasi gani, yaani ndege irudi kwenye mwendo upi kila inapoyumbishwa.

Rubani akanionyesha jambo la pili. Kwenye dashibodi kuna vitufe vitatu vya kuvuta na kusukuma, cheusi, cha buluu na chekundu. Cheusi ndicho moto, yaani nguvu ya injini. Akaniambia nikisukume ndani. Nilitegemea, kama dereva yeyote wa Karatu angetegemea, kwamba tutaongeza mbio. Injini ikanguruma, pua ikainuka yenyewe, tukaanza kupanda. Nikatazama kipimo cha mwendo: kilomita 170 kwa saa, kama mwanzo. Akakivuta nje. Pua ikainama yenyewe, tukashuka kuelekea mashamba ya ngano, na kipimo kikacheza kidogo kisha kikarudi pale pale. Kwa kweli si pale pale kabisa, maana upepo wa propela unaupiga mkia tofauti moto ukiwa mwingi na ukiwa kidogo, na fundi asiyesema hivyo anadanganya. Lakini ilikaribia kiasi cha kunishangaza. Moto ulitupandisha na kutushusha. Mwendo wetu ulikuwa umekwisha kuamuliwa na kile kigurudumu.

Mwisho akavuta usukani kwa nguvu, pua ikatazama mawingu, akauachia. Pua ikaanguka, ikapita chini ya usawa, mwendo ukaongezeka, ikapanda tena, ikapita juu, ikashuka. Kila wimbi kama nusu dakika, na kila moja dogo kuliko lililotangulia. Hatukugusa kitu. Tumbo langu lilihesabu mawimbi manne, la tano sikulisikia.

Mwingereza Frederick Lanchester aliandika juu ya mawimbi hayo mwaka 1908 na akataka kuyapa jina la Kigiriki lenye maana ya kuruka. Alikosea neno. Alilolichukua maana yake ni kukimbia, kutoroka. Mpaka leo wahandisi wa dunia nzima wanalitumia hivyo hivyo, na mimi huwa nafurahi nikikumbuka, kwa sababu ukiwa ndani ya ndege inayofanya hivyo ni kweli unajisikia kama inatoroka, kumbe inarudi.

Sasa niingie kanisani.

Siku hizi ibada kwetu ni moto. Sisemi kwa dharau, nami napenda kwaya. Lakini spika zimekuwa kubwa kuliko madhabahu, mikesha inafuatana, na mhubiri akija kutoka mjini anatuambia tusukume, tusukume, tusukume mpaka mbingu zifunguke. Na kweli tunapanda. Ijumaa usiku nimewaona watu wamepanda juu sana. Jumatatu nakutana nao mnadani, na mwendo wao ni ule ule: ulimi ule ule, mizani ile ile iliyochezewa. Wakati fulani nilidhani ni unafiki. Sidhani hivyo tena. Walisali kwa kweli, wakapanda kwa kweli, ila hakuna aliyegusa kigurudumu.

Mama yangu hakuwahi kupiga kelele mbele za Mungu. Alibatizwa akiwa mtu mzima. Kabla ya hapo alilelewa katika imani ya wazee wa Kiiraqw, ambao walimjua Lo'a, ambaye jina lake ni jina la jua, mama mwenye huruma, na waliogopa neetlangw wakaao kwenye chemchemi na mito. Hata baada ya ubatizo, kila asubuhi alifungua mlango wa mashariki kabla ya kuwasha jiko, akasimama kama dakika moja, akasema maneno machache ambayo hakuwahi kututafsiria. Mchungaji mmoja wa zamani alimkemea. Akamsikiliza, akampa chai, kesho yake akafungua mlango. Miaka mingapi? Sikuhesabu. Najua tu kwamba alipofiwa na watoto wawili, na ng'ombe walipokufa, na baba alipoanza kunywa, mama aliyumba kama watu wote wanavyoyumba, akashuka, akapanda, akashuka, na baada ya muda tulimkuta palepale mlangoni. Nilipoachia mikono juu ya Oldeani, mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye.

Kwa hiyo kwa miaka kama tisa niliridhika na teolojia hiyo. Mungu hashiki usukani, nilijiambia, Mungu ametutrimu. Ameumba vitu vyenye pa kurudi. Na si mimi wa kwanza. Nilikuja kusoma, katika kitabu nilichoazimwa na padri mmoja, kwamba mwaka 1715 Leibniz, Mjerumani, alimkejeli Newton kwa kusema kwamba Mungu inabidi mara kwa mara aingilie kurekebisha mizunguko ya sayari. Leibniz akaona huyo angekuwa fundi saa duni, anayeuza saa kisha inambidi aje nyumbani kwako kuitia ufunguo. Nilimpenda Leibniz siku ile. Ndege ambayo rubani hawezi kuiachia hata sekunde mbili siyo sifa kwa aliyeiunda. Ile ya akina Wright, ya tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa hivyo: kiinuzi chake, sehemu ya kuinua na kushusha pua, kilikuwa mbele badala ya nyuma, haikuwa na tabia ya kurudi mahali pake, na Orville alikwenda nayo sekunde 12 tu, akipanda na kushuka, akipigana nayo njia nzima. Ndivyo wengi wanavyomchora Mungu makaburini: akina Wright wakiwa kazini, hawathubutu kupangusa jasho.

Teolojia yangu ilikuwa nzuri, na ilikuwa na shimo. Shimo lenyewe liko ukingoni mwa kreta, na watalii hulipita kila siku.

Panda kutoka lango la Loduare, fuata barabara ya ukingoni, utaona piramidi ndogo ya mawe. Hapo amelala Michael Grzimek na majivu ya baba yake, Bernhard. Walijifunza urubani makusudi ili waje kuhesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kutoka angani, wakaja kutoka Frankfurt na Dornier Do 27 waliyoipaka mistari ya pundamilia, yenye herufi za usajili D-ENTE. Kwa Kijerumani Ente ni bata. Nyumbu peke yao walihesabu karibu laki moja. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa anaruka peke yake. Tai mla mizoga akagonga bawa la kulia, bati likabonyea ndani, nyaya za kuongozea zikakwama, ndege ikaenda chini. Alikuwa na miaka 24. Filamu waliyoipiga juu ya kazi hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Baba aliishi hadi 1987, kisha akaletwa kulala karibu na mwanawe.

Ndege ile ilikuwa na trimu nzuri. Tai naye alikuwa na trimu nzuri. Uzito mbele, mkia nyuma, anaelea bila kupiga bawa, ananyoosha shingo kutafuta mzoga. Vyote viwili vilikuwa vinakwenda kama vilivyoundwa. Nimesimama pale kwenye yale mawe mara nyingi, ukungu ukipanda kutoka kreta, nikijaribu kuiona kona aliyoikata Mungu, na sikuiona. Nimeona tai na kijana waliofika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kusema Mungu alimtuma yule tai ni kumtwika Mungu mzigo ambao hata yule tai hawezi kuubeba. Mchungaji mmoja aliniambia kwamba pasipo kifo kile dunia isingeijali Serengeti. Nikamwuliza kama angemtoa mwanawe kwa bei hiyo. Hatukuendelea.

Lakini tai ni jambo rahisi. Hana hatia, hana saini. Mzigo mkubwa ni vifo vyenye saini ya mtu.

Tarehe 10 Machi 2019 nilikuwa nimekwisha kustaafu. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, ET302, Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka karibu na Bishoftu baada ya dakika sita. Watu 157, Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote. Sisi mafundi tulifuatilia taarifa ile kwa uchungu wa pekee, kwa sababu ilikuwa habari ya trimu na moto tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo kimoja cha upande wa kushoto, kinachosoma pua imeinuka kiasi gani dhidi ya upepo, kilitoa hesabu ya uongo. Programu iliyoamini kipimo hicho kimoja ikadhani pua imepanda mno, ikazungusha trimu kuishusha. Marubani wakainua, ikashusha tena. Wakakata umeme wa trimu, wakajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, lakini injini zilikuwa bado kwenye moto wa kurukia, mwendo umezidi, upepo umelemea mkia kwa uzito ambao mikono ya binadamu haikuuweza. Na miezi isiyofika mitano kabla, kule Indonesia, watu 189 walikuwa wamekufa kwa sababu ile ile.

Jumapili iliyofuata, katika kanisa ambalo nilikuwa mgeni, mhubiri alisema Mungu ana makusudi yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari. Makusudi yalikuwa ya watu waliokaa ofisini wakaona kipimo kimoja kinatosha. Ukimtia Mungu hapo, wao wanapumua.

Najua wanavyopumua. Nimepumua hivyo mwenyewe.

Mwaka 1997, katika kampuni ambayo sitaitaja, 206 moja ililetwa kwa ukaguzi wa saa 100. Nyaya za trimu zilikuwa zimeanza kukatika nyuzi. Ukipitisha kitambaa, kinanaswa. Tukazibadilisha. Ni nyaya mbili, urefu mmoja, zinakwenda sambamba hadi mkiani, moja ya kuinua, moja ya kushusha, na huko mwisho zinazungusha parafujo inayosogeza kibao kidogo upande wa kulia wa mkia. Nilifanya kazi ile Alhamisi, saa kumi jioni, nikiwa na haraka ya basi la Karatu kwa sababu mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Nikazipishanisha.

Kuna kipimo cha kukamata kosa hilo na kila fundi anakijua. Unazungusha gurudumu kuelekea pua juu, halafu unatazama kibao. Hapa ndipo mtego ulipo: kibao lazima kishuke. Kikishuka, upepo unakisukuma juu pamoja na kiinuzi kizima. Kiinuzi kikipanda, mkia unakandamizwa chini. Mkia ukishuka, pua inapanda. Mtu mwenye haraka anataka kuona "juu" ikizaa "juu". Nilizungusha, kibao kikapanda, moyo ukaridhika, nikasaini. Sheria inataka fundi wa pili akague na kusaini. Huyo alikuwa mkaguzi wetu, mtu wa Tanga tuliyemwita Sheikh. Aliniuliza, "Umeangalia?" Nikasema nimeangalia. Akasaini, kwa sababu aliniamini, na kwa sababu jua lilikuwa linazama.

Ijumaa asubuhi ndege iliruka, na aliyeirusha ni yule Mluguru wangu.

Akanisimulia baadaye. Trimu ilikuwa kwenye alama ya kurukia, kwa hiyo chini hakuona kitu. Alipoondoka ardhini na moto wote, pua ikataka kupanda kuliko kawaida, akazungusha gurudumu mbele kidogo ili aishushe. Ikapanda zaidi. Akasukuma usukani, akazungusha tena. Ikapanda zaidi. Sasa alikuwa anasukuma kwa mikono miwili, viwiko vimekaza, mwendo unapungua, na king'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kuishiwa pumzi kikaanza kulia. Kila alichofundishwa kilimwambia azungushe mbele. "Ndipo nikakumbuka," akasema, "kwamba pua inainuliwa na vitu viwili. Nikapunguza moto." Pua ikainama yenyewe, kama ilivyoinama siku ile juu ya Oldeani. Akapata sekunde za kufikiri, akairudisha trimu ilikotoka, akatua.

Jumapili alitoa ushuhuda kanisani kwao, nami nilialikwa. Alisema Mungu alishika usukani. Watu wakaruka, vigelegele vikapigwa. Nilikaa pale nikiwa na mtoto wa siku mbili nyumbani na, nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kwamba Mungu alikuwa ameshika usukani, kwa sababu kama Mungu ameshika usukani hakuna atakayeuliza nani alishika spana. Kampuni nayo haikuuliza sana. Iliandikwa kwamba nyaya zilirekebishwa.

Nilikwenda kwa Sheikh kwanza. Nilidhani atasema kadari. Aliniangalia muda mrefu, akanikumbusha habari ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa madai ya kumtegemea Mungu, akaambiwa na Mtume amfunge kwanza ndipo ategemee. "Mimi na wewe," akasema, "hatukumfunga." Hakusema wewe. Alisema mimi na wewe, na hilo liliniumiza kuliko tusi.

Kisha nikaenda kwa rubani. Alinisikiliza amesimama, mkono uko kwenye bawa. Halafu akasema, "Fundi, mimi nilimshukuru Mungu kwa mikono yangu. Yako kaiombee mwenyewe." Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minane, na kila asubuhi kabla ya kuruka alikwenda nyuma ya ndege, mimi nikiwa ndani, akaniamuru nizungushe gurudumu, yeye akiangalia kibao. Hakuwahi kuruka bila hilo. Hakuwahi pia kunikumbusha kwa nini.

Wiki mbili baada ya mazishi, mwinjilisti alikuja kwangu. Alikuwa amegundua kwamba sikuitikia.

"Shikamoo mzee. Nimekuja unisahihishe, kama nilikosea."

"Marahaba. Kaa kwanza, kahawa inachemka."

Nikamweleza yote haya, pamoja na ya 1997 ambayo mke wangu alikuwa anayasikia kwa mara ya pili tu maishani. Hakunikatiza. Mwisho akauliza swali la haki: "Basi mzee, kama hashiki usukani, na tai hatumi yeye, na nyaya tunapishanisha sisi, Yeye anafanya nini?"

Nikamwambia sijui yote anayoyafanya. Najua kwamba mama alirudi mlangoni. Najua kwamba rubani alipopunguza moto, pua iliinama, na hakuna fundi wa Arusha aliyeiwekea tabia hiyo; mimi nilikuwa nimeharibu kila kilichowezekana kuharibiwa na spana, na bado chini ya uharibifu wangu palibaki kitu kinachotaka kurudi. Hicho sikukiunda mimi, wala Cessna hawakukiunda; walikikuta kwenye mshale na kwenye tai, wakakiiga. Nikisali sasa, nasali huko. Na nikisali juu ya nyaya, nasali nikiwa na tochi.

Alinywa kahawa yake yote, jambo ambalo vijana hawalifanyi, maana yangu ni chungu. Akasema atafikiri.

Sikumwambia jambo moja siku ile, kwa sababu lilikuwa bado bichi kwa familia. Baada ya mazishi nilikwenda kuiangalia ile pikipiki, imeegemezwa nyuma ya duka. Magunia yalikuwa yamefungwa nyuma kabisa ya ekseli, kwa hiyo gurudumu la mbele lilikuwa halina uzito wa kulishikisha barabara. Waya wa breki ya mbele haukuwepo. Ulikuwa umetolewa muda mrefu, maana kutu ilikuwa imekwisha kukaa kwenye tundu lake, na mahali pake pamefungwa kipande cha mpira wa tairi kuzuia mkono wa breki usicheze. Kuna fundi aliyefunga mpira ule. Yupo, anafanya kazi, na alikuwa makaburini akisema amina pamoja na wengine.

Mwinjilisti, najua gazeti hili linakufikia. Mazishi yajayo, kabla hujatuambia nani alishika usukani, pita kwanza nyuma ya duka ukaangalie breki. Ukinihitaji, nitakuja na tochi.